Kima cha Chini na Mji Ghali: Nani Alilipa Gharama ya Maisha ya Mfanyakazi wa Dar es Salaam?

UTANGULIZI

Mwanzoni mwa mwaka 1963, majuma machache tu baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, amri mpya ya kima cha chini cha mshahara ilianza kutumika. Amri hiyo iliigawa nchi mafungu matatu. Mfanyakazi wa Dar es Salaam na wa Tanga alitakiwa alipwe si chini ya Shs. 150/- kwa mwezi. Katika miji mingine iliyotajwa kima kilikuwa Shs. 125/-. Mahali pengine kilikuwa Shs. 100/-. Kwa hiyo mfagiaji wa Dar es Salaam alistahili kupata nusu zaidi ya mfagiaji mwenzake wa kituo kidogo cha bara, ingawa ufagio ni ule ule na jua ni lile lile.

Sababu iliyotolewa ilieleweka kwa kila mtu: Dar es Salaam ni mji ghali. Anayeishi huko hununua unga, hununua kuni, na hulipia chumba anacholala. Lakini mjadala haukuishia hapo. Waajiri walisema kima kikipanda watapunguza watu. Vyama vya wafanyakazi vilisema hata hizo Shs. 150/- hazitoshi familia. Na mkulima, ambaye hakuna amri yoyote iliyompa kima cha chini cha jasho lake, alikuwa na haki ya kuuliza: fedha hizi zinatoka wapi?

Makala haya yanafuata historia ya mjadala huo tangu siku za ukoloni hadi miaka ya 1980. Hoja yetu ni moja. Mshahara unapokuwa hautoshi kumlisha mfanyakazi, gharama ya kumlisha haitoweki, bali hulipwa na mtu mwingine. Vile vile, mshahara unapopandishwa, nyongeza haikai mfukoni mwa mfanyakazi mpaka ijulikane ni nani anayemsubiri mlangoni kuipokea. Kwa hiyo kada anayetaka kuchambua suala la kima cha chini katika mji ghali hana budi kuuliza kila mara: nani analipa sehemu iliyobaki?

MSHAHARA WA MSEJA

Uchumi wa kikoloni ulijengwa juu ya mfanyakazi wa kupita. Kodi ya kichwa ilimlazimisha mkulima kutafuta fedha, na fedha zilipatikana katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, migodini, bandarini na mijini. Mtu aliondoka kwao Kigoma au Songea, akaenda kuwa manamba. Alifanya kazi kwa kipande cha siku 30, akakamilisha mkataba wake, kisha akarudi kijijini. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, ili kuwatafuta watu wa mbali na kuwasafirisha kwa utaratibu.

Mfumo huu ulikuwa na hesabu yake. Mwajiri alimlipa kibarua mshahara wa mseja, yaani kiasi cha kumtunza mtu mmoja kwa muda anaofanya kazi. Mke na watoto hawakuhesabiwa, kwa sababu ilisemekana kwamba wana shamba. Ugonjwa na uzee havikuhesabiwa pia, kwa sababu ilisemekana kwamba kibarua akichoka atarudi kwao. Lakini nani alimlea kibarua huyu hadi akafika umri wa kubeba mzigo? Nani alimpokea alipokohoa damu? Ni kijiji, na hasa ni mwanamke wa kijijini, aliyelima peke yake shamba la watu wawili. Jembe la mwanamke huyo lilikuwa ruzuku kwa mwenye shamba la mkonge na kwa kampuni ya meli, ingawa jina lake halikuandikwa katika daftari lolote la hesabu.

Wakoloni walizoea kusema kwamba Mwafrika ana mahitaji machache, na kwamba ukimwongezea mshahara atafanya kazi siku chache zaidi. Hiyo ilikuwa kasumba. Ukweli ni kwamba mshahara uliweza kuwa mdogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ya mfanyakazi ilibebwa na watu ambao mwajiri hakuwaona.

MJI GHALI ULITENGENEZWA

Mfumo wa mshahara wa mseja ulianza kupasuka mjini, na ulipasukia Dar es Salaam. Katika mji kuna watu wanaokaa miaka mingi, wanaooa na kuzaa huko huko, na ambao hawana shamba la kuwalisha. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha mji una wakazi kama 69,000. Hesabu ya mwaka 1957 ilionyesha kama 129,000. Kwa muda wa miaka tisa tu mji ulikaribia kuwa mara mbili.

Baadhi ya watu huzungumza juu ya ughali wa mji kana kwamba ni hali ya hewa, kama joto la Februari. Kwa kweli ughali wa Dar es Salaam ulitengenezwa. Tangu enzi ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, mji uligawanywa katika maeneo matatu kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni penye nafasi na bustani, Uhindini penye maduka, na eneo la Waafrika kuanzia Kariakoo, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati. Waafrika ndio waliokuwa wengi, lakini walibanwa katika viwanja vichache. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilipangishwa chumba kimoja kimoja, na mara nyingi familia nzima ilikaa katika chumba kimoja. Chumba kikiwa haba, bei yake hupanda. Ni lazima tukumbuke pia kwamba wenye nyumba hizo hawakuwa mabepari wakubwa. Wengi wao walikuwa Waafrika wenye nyumba moja, pamoja na wajane na wazee waliotegemea kodi ya vyumba ili waishi.

Vita Kuu ya Pili ilizidisha dhiki. Bidhaa za nje ziliadimika, bei za nguo na chakula zikapanda, na mshahara ukabaki nyuma. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni yenyewe ilichunguza mishahara na gharama za maisha ya watumishi wake wa ngazi za chini mjini Dar es Salaam, ikakuta kwamba walio wengi hawapati kiasi kinachotosha kuishi bila madeni. Mwajiri aliyekuwa akihubiri habari ya mahitaji machache alijichunguza mwenyewe na kujikuta na hatia.

Lakini uchunguzi peke yake haukupandisha mshahara wa mtu. Kilichoupandisha ni mshikamano. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Septemba 1947 waligoma kwa mara nyingine, na safari hii mgomo wao ulifuata reli, ukaingia bara na kuwagusa wafanyakazi wa kazi nyingine. Makuli walipata nyongeza kubwa, nao wakawa miongoni mwa vibarua waliolipwa vizuri kuliko wengine nchini. Mgomo wa mwaka 1950 ulishindwa, na chama chao kikavunjwa. Hata hivyo somo lilikuwa limeingia: bandari ikisimama, nchi nzima inasimama.

Oktoba 1955 iliundwa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1957, kwa mara ya kwanza, sheria iliweka kima cha chini mjini Dar es Salaam: senti 42 kwa saa. Kwa mwezi wa saa 195 hizo ni kama Shs. 82/-. Tazama mambo mawili katika ushindi huo. Kwanza, ulihusu Dar es Salaam peke yake. Dola ya kikoloni ilikubali kwamba mji ni ghali, lakini haikukubali kwamba mtu wa bara naye anastahili ulinzi. Pili, kipimo kilichotumika kilikuwa bado ni kile cha mseja. Katika Kenya jirani, kamati iliyoongozwa na Carpenter ilikuwa imependekeza mwaka 1954 kwamba kipimo cha mseja kiachwe polepole na kipimo cha familia kishike mahali pake. Swali la mke na watoto, lililofichwa kijijini kwa nusu karne, lilikuwa sasa limebisha hodi mjini.

MJADALA WA MWAKA 1962

Baada ya Uhuru suala hili halikuweza kuahirishwa. Serikali iliunda bodi ya kuchunguza kima cha chini kwa nchi nzima, ikiongozwa na Donald Chesworth kutoka Uingereza, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1962. Hoja zilizopingana wakati ule hazijafa, na ni vizuri kila moja tuipime kwa haki.

Hoja ya waajiri, hasa wenye mashamba, ilikuwa kwamba bei ya mkonge haipangwi Tanganyika. Hupangwa katika masoko ya nje, na mshahara ukipanda wakati bei ya nje haikupanda, mwajiri ana njia moja tu, nayo ni kupunguza watu. Hoja hii ilitolewa na watu waliojali faida yao. Lakini hoja haiwi ya uwongo kwa sababu tu imetolewa na bepari. Kada anayekataa kuipima kwa vile hampendi msemaji atashangazwa na matokeo.

Hoja ya wafanyakazi ilikuwa kwamba Uhuru usioonekana mezani si Uhuru wa mfanyakazi. Walionyesha kwamba mshahara mdogo haukuwafanya waajiri waajiri watu kwa busara. Uliwafanya watumie watu ovyo, kwa sababu mtu alikuwa rahisi kuliko mashine na rahisi kuliko mpango mzuri wa kazi. Mshahara ukipanda, mwajiri atalazimika kumfundisha mfanyakazi na kumweka kazini kwa muda mrefu. Hoja hii nayo ilikuwa na ukweli mkubwa.

Hoja ya tatu ilihusu mafungu ya mikoa na miji, na hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kima kimoja kwa nchi nzima kina matatizo. Kikiwekwa kwa kipimo cha Dar es Salaam, mwajiri mdogo wa bara hufunga duka lake. Kikiwekwa kwa kipimo cha bara, mfanyakazi wa Dar es Salaam hulala njaa. Kwa hiyo mafungu yalionekana kuwa haki. Lakini mafungu nayo yana matatizo. Mpaka wa mji ni mstari uliochorwa kwenye ramani, na watu wawili wanaokaa upande huu na upande ule wa mstari huenda gulio moja. Tena ughali hauna sura moja. Mtu wa Kigoma hununua samaki na mihogo kwa bei nafuu kuliko mtu wa Dar es Salaam, lakini sabuni, kaniki na mafuta ya taa humfikia baada ya kubebwa kwa reli nchi nzima, na nauli yote imo ndani ya bei. Anayepima ughali kwa unga peke yake huona mji ni ghali. Anayepima kwa shati na baiskeli huona kwamba bara nako kuna ughali wake.

Juu ya hayo, mshahara wa Dar es Salaam ukizidi wa bara kwa nusu, kijana wa bara hufanya hesabu zake. Haoni kodi ya chumba, huona tu Shs. 150/-. Hupanda treni. Akifika, huongeza idadi ya watu wanaotafuta chumba, na chumba huzidi kuwa ghali. Hivyo kima kilichowekwa ili kujibu ughali husaidia kuuongeza.

Serikali ilichagua mafungu matatu, na ilichagua kupandisha kwa nguvu. Kutoka Shs. 82/- hadi Shs. 150/- ni ongezeko la zaidi ya asilimia 80 kwa muda wa miaka sita. Mwaka ule ule wa 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi ambayo iliibana sana haki ya kugoma. Mwaka 1964 vyama vyote viliunganishwa katika NUTA, na Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Wafanyakazi walipewa mshahara kwa mkono mmoja, na silaha iliyowapatia mishahara ya mwaka 1947 ilichukuliwa kwa mkono wa pili. Sababu za umoja wa taifa zilikuwapo, wala si lengo letu kuzidharau. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuona kwamba tangu siku hiyo mfanyakazi alitegemea Serikali imkumbuke, badala ya kujikumbusha mwenyewe.

NANI ALIPATA, NANI ALIKOSA

Matokeo ya mwaka 1963 yalikuwa makubwa, na yalikuwa ya namna mbili.

Upande mmoja, mfumo wa manamba ulipigwa pigo ambalo haukupona. Kibarua alipokuwa ghali, haikuwa na faida tena kumsafirisha mtu kutoka mbali ili afanye kazi kwa muda mfupi na kurudi. Waajiri walianza kutaka mtu anayekaa. Mtu anayekaa humleta mke wake, huzaa watoto mjini, huwapeleka shule. Wale walionusurika na punguzo la kazi waliinuka hali zao kwa namna ambayo baba zao hawakuijua. Mzigo uliobebwa na mwanamke wa kijijini kwa miaka mingi ulianza, kwa sehemu, kulipwa na mwajiri.

Upande wa pili, kazi zilipungua. Idadi ya watu walioajiriwa kwa mshahara ilishuka kutoka kama 397,000 mwaka 1962 hadi kama 340,000 mwaka 1963. Mashamba ya mkonge ndiyo yaliyopunguza watu zaidi: yaliongeza kipimo cha kazi ya siku na kuajiri watu wachache. Si haki kusema kwamba punguzo lote lilitokana na kima cha chini, kwani bei ya mkonge iliporomoka katika miaka iliyofuata na kamba za plastiki zikaingia sokoni. Lakini si haki pia kusema kwamba kima hakikuhusika. Maelfu ya watu walirudi vijijini bila kipande, na kijiji kikawapokea. Ndiyo kusema sehemu ya gharama ya ushindi wa mfanyakazi aliyebaki kazini ililipwa na mfanyakazi aliyeondolewa, na shamba la ndugu zake likamlisha kama lilivyomlisha kibarua wa zamani.

Na ile Shs. 150/- ya Dar es Salaam ilifika wapi? Sehemu ilikwenda kwa mwenye chumba, sehemu kwa mwenye duka aliyekopesha unga hadi mwisho wa mwezi. Serikali ililiona hilo. Mwaka 1962 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu ulifutwa, ardhi ya namna hiyo ikawa ya kupangwa kutoka Serikalini. Hatua hizi zilikuwa na shabaha sahihi: kuushambulia ughali penyewe, badala ya kuulipa tu. Lakini nyumba hujengwa polepole, na watu huja upesi. Hesabu ya mwaka 1967 iliukuta mji una watu kama 273,000.

AZIMIO NA SWALI LA MKULIMA

Mwaka 1967 mjadala ulibadilika sura. Mtaalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa, H. A. Turner, alitoa taarifa juu ya mishahara, mapato na bei, akionyesha kwamba mishahara imepanda kwa kasi kubwa kuliko mapato ya mkulima, huku ajira ikipungua. Azimio la Arusha la mwaka ule ule lilikwisha kuweka jambo hilo katika lugha ya siasa: mikopo inayojenga mijini hulipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hutoka katika pamba, kahawa na mkonge. Tusipojihadhari, watu wa mijini watakuwa wanawanyonya wakulima. Serikali ilitangaza kwamba nyongeza za mishahara zisizidi asilimia 5 kwa mwaka, na kikaundwa chombo cha kudumu cha kuamua migogoro ya kazi.

Je, Azimio lilikuwa sahihi kumwita mfanyakazi wa mjini mnyonyaji? Hapa panahitaji uangalifu. Mji haukuwa tabaka moja. Katika Dar es Salaam ile ile alikuwamo kuli wa Shs. 150/- na alikuwamo mkubwa wa ofisi mwenye gari na nyumba ya Oysterbay. Wakati wa Uhuru mshahara wa juu kabisa Serikalini ulikuwa kama mara 50 ya ule wa chini. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakapunguziwa. Kufika mwaka 1977, alipotoa taarifa ya miaka kumi ya Azimio, tofauti hiyo baada ya kodi ilikuwa imeshuka hadi kama mara 9. Hilo ni jambo ambalo nchi chache zimelifanya. Nalo linafundisha kwamba hoja ya mkulima ilikuwa sahihi ilipoelekezwa kwa mkubwa, na ilikuwa nusu tu ya ukweli ilipoelekezwa kwa kuli.

Baada ya hapo Chama na Serikali vilijaribu kuukabili ughali kwa upande wa bei. Aprili 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Shs. 100,000/- yalitaifishwa. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei, nayo ikapanga bei za bidhaa nyingi. Bei ya mahindi kwa mkulima ikawa moja nchi nzima, hata Rukwa na Ruvuma ambako kusafirisha gunia ni mzigo mkubwa, na sembe mjini iliuzwa kwa bei iliyopangwa. Mshahara haukuwa tena peke yake katika kumlinda mfanyakazi.

MIZANI YA SEMBE

Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 na kupanda kwa bei ya mafuta kuliutikisa mpango huo. Kima cha chini cha mjini kilipandishwa hadi Shs. 240/- mwaka 1972, Shs. 340/- mwaka 1974, na Shs. 380/- mwaka 1975. Baadaye, baada ya vita vya Kagera na katika miaka ya upungufu, kilifika Shs. 480/- mwaka 1980 na Shs. 600/- mwaka 1981. Kwenye karatasi mfanyakazi alipanda ngazi. Lakini tuipime mishahara kwa chakula.

Kabla ya Juni 1984 bei rasmi ya kilo ya sembe ilikuwa Shs. 2.50. Kwa Shs. 600/- mfanyakazi wa kima cha chini angeweza, kwa hesabu ya karatasi, kununua kilo 240. Mwaka huo ruzuku ya sembe iliondolewa, na bei ikafika kama Shs. 8/-. Kima cha chini nacho kikapandishwa hadi Shs. 810/-. Kwa fedha hizo angenunua kilo kama 101. Mshahara ulipanda kwa asilimia 35, bei ya sembe ikawa zaidi ya mara tatu. Ni kweli kwamba sembe ya Shs. 2.50 haikupatikana dukani siku zote, na aliyeikosa kwa foleni aliinunua kwa mlanguzi. Lakini hata tukilikumbuka hilo, mizani inasema wazi kwamba kima cha chini kilikuwa kimeacha kuwa kipimo cha maisha.

Nani alilipa sehemu iliyobaki safari hii? Mwanamke tena. Mke wa mfanyakazi alikaanga maandazi alfajiri, alipika chakula cha kuuza nje ya kiwanda, alifuga kuku uani. Mfanyakazi mwenyewe alilima mpunga au mihogo kandokando ya mji baada ya saa za kazi. Kulikuwa na kejeli kubwa hapa. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvukazi iliwakamata watu wa mjini wasio na ajira inayotambulika, ili wapelekwe kuzalisha mali. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi, watu wa kazi ile ile iliyokuwa ikizilisha nyumba za wafanyakazi wenye vitambulisho. Mfumo wa mshahara wa mseja ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma: mshahara mdogo, na familia inayobeba tofauti bila kuandikwa katika daftari.

MAFUNZO

Tangu Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kima cha chini katika Tanzania Bara hupangwa kwa sekta, wala si kwa mafungu ya miji ya mwaka 1963. Mwaka 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa kutoka Shs. 370,000/- hadi Shs. 500,000/- kwa mwezi. Hesabu ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5. Kila Mei Mosi inapokaribia, swali la mji ghali hurudi. Historia haitupi jibu la tarakimu, lakini inatupa mafunzo manne.

Kwanza, kima cha chini kisipotosha, tuwatafute wanaolipa tofauti. Mara nyingi tutawakuta ni wanawake, wazee na watoto, na kazi yao haimo katika takwimu za mshahara.

Pili, ughali wa mji una wenyewe. Nyongeza inayotolewa bila nyumba, bila usafiri na bila chakula cha bei nafuu huingia mfukoni mwa mfanyakazi na kutoka usiku ule ule. Wakati huo huo, bei iliyopangwa bila bidhaa dukani ni ahadi tupu, kama miaka ya 1980 ilivyotufundisha.

Tatu, kima cha chini humlinda yule tu aliye na mwajiri. Mama lishe, machinga na kijana wa bodaboda hakiwagusi, isipokuwa pale mteja wao anapokuwa na fedha ya kutumia. Sera ya mapato inayoishia kwenye mshahara huwaacha nje wengi wa wakazi wa mji, na huwaacha nje karibu wakulima wote.

Nne, makuli wa mwaka 1947 hawakupewa nyongeza yao kwa sababu taarifa ya mwaka 1942 iliandikwa vizuri. Waliipata kwa sababu walikuwa na sauti yao wenyewe. Bodi yoyote ya mishahara inayomsikiliza mfanyakazi kwa kupitia watu waliokwisha kumsahau itatoa tarakimu nzuri na maisha mabaya.

Kwa hiyo, Ndugu kada na Ndugu mwanafunzi, kabla hujasimama mkutanoni kuunga mkono au kupinga nyongeza, fanya kazi ndogo hii. Nenda katika kata yako. Andika kodi ya chumba kimoja, bei ya kilo ya unga, nauli ya kwenda na kurudi kazini, na ada ya maji. Jumlisha kwa mwezi. Kisha chukua mshahara wa mlinzi au wa mfagiaji wa ofisi yako mwenyewe, utoe. Tarakimu itakayobaki chini ya mstari, ikiwa ni ya kudaiwa, mwulize mlinzi huyo inalipwa na nani, na jina atakalolitaja ulilete mkutanoni.